Picha ya mzee Churchill: ile kubwa ilichomwa usiku, ndogo imebaki

Mwezi wa nne mwaka wa 2024, katika jumba la Blenheim, karibu na mji mdogo wa Woodstock huko Uingereza, picha moja ya kuchorwa kwa mkono iliwekwa ndani ya chumba ambamo Winston Churchill alizaliwa tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1874. Wageni waliolipa tikiti ya kuingia walimkuta pale akiwa mzee wa karibu miaka 80: kichwa kizito, mashavu yamelegea, uso umegeuzwa kidogo upande, na nyuma yake giza. Ilikaa siku chache tu, kisha ikapelekwa London ili iuzwe kwa mnada.

Picha hiyo ni jaribio. Mchoraji Graham Sutherland aliifanya mwaka wa 1954 ili kuutafuta uso wa mzee huyo kabla ya kuanza picha kubwa iliyoagizwa na wabunge wa Uingereza. Ile kubwa haipo tena. Ilichukuliwa usiku, ikachomwa moto nyuma ya nyumba ya mtu, na kwa zaidi ya miaka ishirini hata aliyeichora hakupewa habari. Ndiyo maana kipande hiki cha kitambaa, ambacho kingine kama hicho kingewekwa pembeni na kusahauliwa, kiliandikwa katika magazeti ya dunia nzima.

Jina la Churchill si geni Kongo. Mwezi wa nane mwaka wa 1943, mjini Québec, yeye na Rais Roosevelt wa Marekani walitia sahihi mapatano ya kutengeneza bomu la atomiki pamoja, na sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa katika kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Zamani zaidi, mwaka wa 1907, akiwa bado kijana katika wizara ya makoloni, alishuka Mombasa, akapanda treni kupitia Nairobi hadi ziwa Victoria, akafika Uganda na kurudi kwa njia ya mto Nile. Na mwaka ule wa 1954 alipokuwa amekaa kwenye kiti akichorwa, Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na gavana kwa kibali cha serikali yake, na maelfu ya watu walikuwa wamefungwa kambini. Mzee wa picha hii hakuwa babu mpole wa kusimulia hadithi. Alikuwa mtu ambaye neno lake lilifika mbali, na alijua vizuri thamani ya sura yake.

Zawadi ya miaka 80

Churchill alirudi kwenye kiti cha waziri wa kwanza mwezi wa kumi mwaka wa 1951, akiwa na miaka 76. Miaka mitatu baadaye, wabunge wa vyama vyote na wa mabaraza yote mawili, lile la wawakilishi na lile la malodi, walikubaliana kumpa zawadi siku atakapotimiza miaka 80. Wakachanga pesa. Wakachagua picha ya kuchorwa, na malipo ya mchoraji yakawa gini 1,000, hesabu ya zamani ya Kiingereza iliyo sawa na pauni 1,050.

Kazi ilipewa Sutherland, aliyekuwa na miaka 51. Alikuwa amejulikana kwanza kwa kuchora mashamba, miiba na mizizi ya miti. Wakati wa vita Serikali ilimtuma achore nyumba zilizobomolewa na mabomu. Nyuso za watu alizianza kwa kuchelewa: mwaka wa 1949 alimchora mwandishi Somerset Maugham, kisha akamchora Lodi Beaverbrook, mwenye gazeti la Daily Express. Katika picha zote mbili hakupunguza kunyanzi hata moja. Maugham alishtuka alipojiona mara ya kwanza, na ilimchukua muda kukubali kwamba aliyeko pale ni yeye. Kwa hiyo waliomchagua Sutherland hawangeweza kusema baadaye kwamba hawakujua mkono wake.

Vikao vilianza mwishoni mwa mwezi wa nane, tarehe 26, nyumbani kwa Churchill huko Chartwell, katika jimbo la Kent, kusini ya London. Nyumba hiyo ina historia yake. Churchill aliinunua mwaka wa 1922, na mara nyingi ilimshinda kwa gharama. Mwaka wa 1946, baada ya kushindwa katika uchaguzi, alikuwa akifikiri kuiuza. Marafiki wenye mali wakachanga, wakainunua, wakaikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza nyumba na ardhi za kihistoria, kwa masharti kwamba Churchill na bibi yake Clementine wataendelea kuishi humo maisha yao yote. Maana yake ni kwamba mwaka wa 1954 mzee alikuwa akila, akilala na kuoga katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imeandaliwa kuwa makumbusho yake. Watu wachache wamewahi kuishi hivyo, wakijua kwamba kiti wanachokalia kitazungushiwa kamba siku moja.

Yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Alishika burashi mwaka wa 1915, alipopoteza cheo chake katika wizara ya jeshi la majini kwa sababu ya vita vya Dardanelles kwenda vibaya, na hakuiacha tena. Alichora zaidi ya picha 500, nyingi za bahari, bustani na milima, kwa rangi za kung'aa. Mwaka wa 1947 alipeleka picha zake kwenye chuo cha kifalme cha sanaa akitumia jina la uongo, David Winter, ili waamuzi wasimpendelee, na zikakubaliwa. Alijua kabisa kwamba mchoraji anaweza kuongeza mwanga hapa na kupunguza kivuli pale. Ndiyo sababu alimwuliza Sutherland siku za kwanza kama atamchora akiwa malaika mdogo au akiwa mbwa mkali wa Kiingereza. Jibu la Sutherland, kama linavyosimuliwa, ni kwamba hilo lingetegemea na kile mzee atakachomwonyesha.

Kulikuwa pia na neno la nguo. Mwaka uliotangulia, malkia alikuwa amempa Churchill heshima ya Garter, ambayo ina joho lake refu la sherehe. Alitaka kuchorwa akiwa amelivaa. Lakini waliolipa walikuwa wabunge, nao walitaka mbunge mwenzao jinsi walivyomzoea bungeni: koti jeusi, suruali ya mistari, tai ya kipepeo. Sutherland akafuata masharti ya waliomlipa.

Mzee hakuwa mtu rahisi wa kuchorwa. Hakutulia, alivuta sigara, alizungumza siasa, na baada ya chakula cha mchana usingizi ulimwelemea na uso wake ukashuka. Sutherland hakupenda kumwonyesha kazi ikiwa bado haijaisha. Alichora kwa mkaa na kwa rangi za mafuta, mara mikono tu, mara macho, mara kichwa chote. Mpiga picha Elsbeth Juda aliitwa Chartwell kupiga picha za kumsaidia. Kisha Sutherland alirudi na karatasi zake nyumbani kwake Trottiscliffe, katika Kent hiyohiyo, na huko ndiko picha kubwa ilikotengenezwa, mbali na macho ya mwenye uso.

Ugonjwa uliofichwa

Kuna jambo ambalo wananchi wa Uingereza hawakuambiwa wakati huo, na bila kulijua ni vigumu kuelewa hasira iliyofuata.

Tarehe 23 mwezi wa sita mwaka wa 1953, Churchill alikuwa ameandaa chakula cha jioni kwa heshima ya Alcide De Gasperi, mkuu wa serikali ya Italia. Mwisho wa karamu hakuweza kusimama vizuri kutoka kwenye kiti. Ulikuwa ugonjwa wa kupooza, ule ambao Kongo watu huuita AVC. Haukuwa wa kwanza. Mwaka wa 1949 alikuwa amepatwa na mdogo. Siku zilizofuata mdomo ulipinda, mkono na mguu wa upande mmoja vikakosa nguvu, na madaktari walikuwa na wasiwasi kwamba hatamaliza juma. Wakati huohuo Anthony Eden, aliyetegemewa kumrithi, alikuwa Marekani akipasuliwa.

Nchi haikuambiwa. Tangazo lililotolewa lilisema tu kwamba waziri wa kwanza amechoka na anahitaji kupumzika. Wakubwa watatu wa magazeti waliitwa Chartwell, wakatembea bustanini, wakakubaliana kunyamaza. Mmoja wao alikuwa Beaverbrook, yuleyule ambaye Sutherland alikuwa amemchora. Magazeti yakanyamaza kweli. Churchill akapona kwa kiasi, kwa ukaidi na kwa bidii, akarudi bungeni na kuendelea na kazi. Habari yenyewe aliitaja mbele ya wabunge mwezi wa tatu mwaka wa 1955 tu, wiki chache kabla ya kuacha madaraka, aliposema kwamba ugonjwa wa ghafla ulikuwa umempooza kabisa.

Kwa hiyo mwaka wa 1954 kulikuwa na watu wawili wenye jina moja. Kulikuwa na Churchill wa magazeti, mwenye sigara na vidole viwili hewani, ambaye hazeeki. Na kulikuwa na mzee wa Chartwell, ambaye watu wa chama chake mwenyewe walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini ataondoka lini. Sutherland alikuwa mbele ya huyu wa pili, kwa masaa mengi, na kazi yake ilikuwa kuangalia.

Kongo mambo haya hayahitaji maelezo marefu. Picha ya mkuu wa nchi inatundikwa katika kila biro ya Serikali, daima ni ya mtu mwenye afya, shati limepigwa pasi, na hakuna anayetegemea kuiona ikizeeka pamoja na mwenyewe.

Siku kumi za mwisho

Clementine aliiona picha tarehe 20 mwezi wa kumi na moja, siku kumi kabla ya sherehe. Mwanzoni hakuonyesha hasira. Wengine wanasimulia kwamba hata aliisifu. Alirudi kwa mume wake na nakala ndogo iliyopigwa kwa kamera. Churchill akaiangalia, akawaka.

Picha ilimwonyesha amekaa kwenye kiti, ameelekea mbele, mikono imeshika vikali ncha za kiti. Kichwa kimeshuka kidogo katikati ya mabega, mdomo umefungwa kwa nguvu, koti jeusi limejaa mwili. Nyuma yake hakuna kitu, ila rangi ya hudhurungi na ya manjano, kama ukuta uliopauka. Mtu mmoja angesema ni simba mzee ambaye bado hajakubali kushindwa. Mwingine angesema ni mgonjwa anayejishikilia asianguke. Churchill aliona la pili tu. Alilalamika kwamba imemfanya afanane na mtu ambaye akili zake si kamili.

Alimwandikia Sutherland kwamba, hata kama kazi imefanywa kwa ufundi, haifai kwa zawadi ya mabaraza mawili, na kwamba sherehe itaendelea bila picha. Sutherland alijibu kwamba alichora kwa uaminifu kile alichokiona. Mbunge Charles Doughty, sekretere wa kamati ya zawadi, ilimbidi aende mwenyewe kumwomba mzee abadili mawazo: kukataa picha kungekuwa kuwatukana wote waliochanga. Churchill akakubali kwa shingo upande.

Tarehe 30 ikafika. Katika ukumbi wa kale wa Westminster, mbele ya wabunge, malodi na kamera za televisheni ya BBC, Clement Attlee, kiongozi wa upinzani, alimkabidhi zawadi. Attlee ndiye aliyekuwa msaidizi wake wakati wa vita, na ndiye aliyemshinda katika uchaguzi wa 1945. Pazia likaondolewa. Churchill akaigeukia picha, akawashukuru waliompa, akasema kwamba ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, na kwamba hakika imeunganisha nguvu na ukweli. Kwenye neno «kisasa» ukumbi ukaangua kicheko. Kila mtu alielewa. Sutherland alikuwapo akisikia.

Wabunge nao waligawanyika. Lodi Hailsham, wa chama cha Churchill mwenyewe, aliitukana waziwazi, akasema haina adabu. Aneurin Bevan, mpinzani mkubwa wa Churchill upande wa kushoto, aliiona kuwa kazi nzuri. Hapo mtu anaweza kujiuliza kama walikuwa wakiangalia picha au wakiangaliana.

Miezi minne baadaye, tarehe 5 mwezi wa nne mwaka wa 1955, Churchill aliacha kazi.

Moto nyuma ya nyumba

Wengi walifikiri kwamba baada ya Churchill kufa picha itatundikwa bungeni. Lakini alipewa kama zawadi yake binafsi, na akaondoka nayo hadi Chartwell. Haikuwekwa ukutani hata siku moja. Ilishushwa katika ghala la chini ya nyumba.

Ilikuwa chini, lakini haikusahauliwa. Binti yake Mary Soames alieleza baadaye jinsi ilivyomkaa baba yake moyoni, na jinsi Clementine alivyomwahidi kwamba haitaonekana tena kamwe. Clementine hakuwa mwanamke wa kutishika na kazi ya msanii mashuhuri. Zamani alikuwa ametoboa kwa mguu mchoro ambao Walter Sickert, rafiki wa familia, alimchora mume wake, kwa sababu tu hakuupenda. Kwake, kazi ya mke ilikuwa kusimama kati ya mume na chochote kinachomla usingizi, na kama kitu hicho kilikuwa kitambaa kilichopakwa rangi, basi vivyo hivyo.

Aliyeitekeleza kazi ni Grace Hamblin, sekretere wa nyumba hiyo kwa miaka mingi. Sauti yake ilirekodiwa, na rekodi ilihifadhiwa pamoja na karatasi za Churchill huko Cambridge. Habari yake ilienea mwaka wa 2015, baada ya kutolewa kwa kitabu kuhusu maisha ya Clementine. Hamblin alieleza kwamba picha ilikuwa kubwa, naye hangeweza kuibeba peke yake. Akamwita kaka yake. Usiku wa manane wakaitoa ghalani, wakaipakia garini, wakaendesha maili kadhaa hadi nyumbani kwa kaka huyo. Wakawasha moto mkubwa katika bustani ya nyuma, ili mtu anayepita barabarani asione. Asubuhi Hamblin akamwambia Clementine kwamba kazi imekwisha. Wanawake hao wawili wakakubaliana wasimwambie mtu.

Wakanyamaza vizuri sana. Churchill alikufa tarehe 24 mwezi wa kwanza mwaka wa 1965. Mwaka uliofuata Chartwell ilifunguliwa kwa watu wote, na bado watu waliamini kwamba picha imefichwa mahali fulani. Clementine alikufa mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1977. Mwanzoni mwa 1978 tu ndipo wasimamizi wa urithi walipotangaza kwamba picha haikuwa imefichwa, ila iliharibiwa zamani kwa matakwa yake.

Sutherland alikuwa bado hai, na umri wake ulikuwa miaka 74. Alisema ni kitendo cha uharibifu. Akafa mwaka wa 1980.

Mabishano yaliyofuata hayajaisha hadi leo, na pande zote mbili zina maneno ya maana. Upande mmoja: mtu akipewa zawadi ni yake, hakuna sheria inayomlazimisha mgonjwa kuishi na kioo kinachomtesa. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikuwa upande wa Clementine bila shaka. Haki ya msanii ya kulinda heshima ya kazi yake iliandikwa katika sheria za huko mwaka wa 1988 tu, miaka miwili baada ya Kongo, iliyokuwa bado Zaire, kupata sheria yake ya haki za waandishi na wasanii. Na hata hiyo ya 1988 inasema juu ya kupotosha na kukatakata kazi. Juu ya kuichoma yote hadi majivu, haitoi jibu la wazi.

Upande mwingine: picha haikununuliwa na Clementine. Ililipwa na wabunge, kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiongoza serikali, na ilionyesha jambo ambalo serikali hiyo ilikuwa imelificha kwa makusudi. Wakubwa wa magazeti walinyamazishwa kwa matembezi ya bustanini. Tangazo lililotolewa halikusema lolote. Mchoraji mmoja, asiyejihusisha na siasa, akaja na burashi zake, akaandika uzee wa waziri wa kwanza mahali ambapo kila mtu angeweza kuusoma. Hilo linafanya ule moto kuwa zaidi ya ugomvi wa nyumbani, hata kama Clementine mwenyewe aliwasha kwa mapenzi tu.

Vilivyobaki

Moto ulikula kitambaa kimoja. Karatasi za mkaa na majaribio ya rangi hayakuwa Chartwell. Yalibaki kwa Sutherland, na kutoka kwake yakatawanyika. Mengine yako katika jumba la picha za watu mashuhuri huko London. Mengine yako Fredericton, Kanada, katika jumba la sanaa ambalo Beaverbrook alilifungua mwaka wa 1959. Inastahili kurudia: mwenye gazeti aliyesaidia kuficha ugonjwa wa Churchill ndiye pia ambaye jumba lake linahifadhi majaribio ya picha iliyouonyesha. Kuna pia nakala ya ile picha kubwa, iliyochorwa na mkono mwingine, katika klabu ya Carlton, nyumba ya wahafidhina mjini London. Na mwaka wa 2016 tamthilia ya televisheni The Crown ilionyesha habari hii katika kipindi kimoja, kwa hiyo vijana wengi wanaijua picha hiyo kwa njia ya waigizaji.

Anayetembelea Chartwell leo ataona chumba cha kuchorea cha Churchill bustanini, kuta zimejaa picha zake mwenyewe. Ataona pia mchoro wa William Nicholson unaomwonyesha Churchill na Clementine wakinywa chai ya asubuhi mezani, waliopewa na marafiki kwa miaka 25 ya ndoa. Huo Clementine aliuacha uishi, ingawa kwa kweli wawili hao hawakuwa na desturi ya kula pamoja asubuhi. Walijaribu mwanzoni mwa ndoa na wakaona heri kila mtu na sinia yake.

Jaribio lililoonyeshwa Blenheim lilikuwa limepita njia nyingine. Sutherland alimpa Alfred Hecht, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza kadre za picha mjini London, na toka hapo likabaki katika mikono ya watu binafsi. Nyumba ya mnada ya Sotheby's, ilipolileta katika chumba cha kuzaliwa, ilikuwa ikitafuta wateja, hilo halina siri. Lakini waliolitazama kwa makini waliona kitu ambacho picha kubwa, katika nakala zake, haionyeshi sana: hapa mzee hajishiki kwenye kiti na hakabiliani na mtu. Anafikiri. Pengine alikuwa amesahau kwa dakika chache kwamba anachorwa.

Mnada ulifanyika London tarehe 6 mwezi wa sita mwaka wa 2024, siku ileile dunia ilipokuwa ikikumbuka miaka 80 tangu majeshi kushuka Normandie. Wenye mnada walikuwa wamekisia kati ya pauni 500,000 na 800,000. Miaka mitatu mbele ya hapo, picha ya msikiti wa Koutoubia wa Marrakech, ambayo Churchill mwenyewe aliichora mwaka wa 1943 na kumpa Roosevelt, iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 8. Soko lilikuwa limekwisha kuamua kwamba kazi ya mikono ya mzee ni ghali kuliko uso wake. Jaribio la Sutherland liliuzwa kwa pauni 660,000. Ile kubwa wabunge walikuwa wamelipa 1,050.